Muwasindikize

Bunia, tarehe 3 Machi

Yaya Brigitte mupendwa,

Mugongo unaendeleaje? Na watoto? Mimi ni muzima, ila usingizi umenikimbia. Barua hii nampa Osée, dereva wa lori, kwa mukono, maana simu siiamini tena.

Unamukumbuka Muheshimiwa Marcellin, aliyekuwa deputé, mubunge wa jimbo? Amefikishwa kortini kwetu. Wakati wa cheo chake alisimama sokoni, akasema: "Wageni wamekaa sana. Muwasindikize." Juma lile lile nyumba za hao aliowaita wageni zikachomwa.

Wakili wake hakatai maneno hayo. Anasema kusindikiza mugeni ni heshima, nani kwetu anamuacha mugeni aende peke yake? Tena, anasema, katiba inakataza kumushitaki deputé kwa maoni aliyotoa kazini, hata akiisha kutoka kwenye cheo. Majaji sasa wanajiuliza: yale yalikuwa maoni au amri? Yakiwa maoni, anarudi kwake. Yakiwa amri, katiba haimukingi.

Yaya, mimi greffier, karani wa korti, ndiye naandika yote yanayosemwa. Mashahidi wanasema Kiswahili, karatasi zinataka Kifaransa. Nikiandika *raccompagner*, mugeni anapelekwa kwa upole, na Muheshimiwa anatoka. Nikiandika *chasser*, watu wamefukuzwa, na nimemufunga mimi.

Jana nikitoka kazini kijana wa pikipiki aliniita kwa jina, nami simujui. "Greffier, unatembeaka peke yako? Tutakusindikiza." Akacheka. Nikasema asante. Yaya, nilisema asante!

Mudogo wako,
Caleb

*

Aru, tarehe 9 Machi

Mudogo wangu Caleb,

Siye huku tuko wazima. Gentille anakusalimia, ameota meno mbili. Mugongo inauma kama desturi yake.

Eti ulisema asante! Mutu anakutisha na weye unamushukuru, kama vile amekupa chai. Toka utoto uko hivi, mbwa akibweka unamuamkia.

Sasa sikia. Malaria iko kwa nani Bunia? Iko kwa kila mutu. Siku ya mashahidi weye pata malaria, mwingine aandike. Kisha panda lori ya Osée. Hapa kuvuka Uganda si kazi, watu wa duane pale mupakani wananijua. Katiba haikukuzaa. Mimi nilikubeba siku ile tulikimbia vita, na weye ulikuwa muzito, hukutaka kushuka. Ndiyo mugongo hii unaniuliza kila siku.

Usinijibu kwa maneno ya shule. Kuja.

Yaya wako

*

Bunia, tarehe 17 Machi

Yaya,

Pole kwa mugongo, nimesoma mara nyingi pale uliposema ulinibeba. Umubusu Gentille na meno yake.

Nilijaribu malaria. Nilimuambia muzee Constant, mukubwa wetu, kwamba kichwa kinaniuma. Akasema: "Humu kichwa kinatuuma wote. Kaa, shahidi ameingia."

Alikuwa Mama Espérance, mujane anayekaa kambini tangu nyumba yake iungue. Wakili akamuuliza: "Mama, weye mugeni akienda, humusindikizi?"

"Ninamusindikiza, papa."

"Basi kusindikiza ni kitu kizuri."

"Ni kizuri."

Wakili akaanza kukaa. Mama akaongeza, pole pole, kama mutu anayejisemea: "Alisema muwasindikize, na watu wakacheka. Siye tukaenda kufunga mizigo."

Jaji mukuu akanigeukia nitafsiri. Yaya, kile kicheko nilikijua. Nilikisikia kwenye pikipiki. Nikasema: "Bwana Prezida, naomba neno likae kwa Kiswahili."

Wakili akaruka: "Greffier si shahidi!"

"Kwa nini likae?" jaji akauliza.

Nikasema kwamba nikilitafsiri peke yake, ninaacha kicheko nje. Akanitazama sana. Kisha: "Andika neno kama lilivyo. Andika pia kwamba watu walicheka."

Nikaandika, kwa herufi mbaya kuliko zote za maisha yangu. Majaji watasema mwisho wa mwezi kama katiba inamukinga.

Nilipotoka, Mama Espérance na wenzake walikuwa mulangoni. "Unakaa upande gani, mutoto?" Nikasema Mbunya. "Ni mbali na kambi yetu," akasema, na wakanisindikiza mpaka kwangu wakiongea bei ya maharagwe. Pikipiki ilitufuata mpaka njia-panda, ikasimama.

Yaya, siwezi kuja. Nikiondoka sasa watasema niliandika uongo, na ukurasa ule hautakuwa na mutu wa kuusimamia. Ninaogopa sana. Uniandikie.

Mudogo wako,
Caleb

*

Aru, tarehe 31 Machi

Caleb,

Sikuulizi habari. Nitajionea.

Radio imesema majaji wamekataa neno la wakili. Eti katiba inalinda mawazo ya deputé, hailindi mutu anayetuma wengine kuchoma, hata akisema kwa lugha ya heshima. Kesi inaendelea, na mashahidi wataitwa tena. Watu wa soko walipiga kelele. Mimi nilikaa chini.

Osée amerudi mara mbili mikono tupu. Anasema uko, alikuona kwa mbali, lakini hukukaribia lori. Simu yako inalala. Sijui kama unaogopa kuniandikia ao kama umekatazwa.

Watoto nimewaacha kwa jirani. Barua hii sikumupa mutu, naibeba mwenyewe. Jioni ukitoka kortini utanikuta mulangoni na wale wamama. Mugongo bado ina nguvu ya kutembea mpaka Mbunya.

Na usiniambie asante.

Yaya wako