Suruali Aliyonishonea Mama Mkwe

Shoga, nimejifungia chooni. Sitoki.

Unaikumbuka ile suruali ya kubana niliyokutumia picha, ukaniambia hiyo si ya shamba? Imepasuka. Nimeinama napalilia mahindi, nikasikia krrrr, kiunoni mpaka pajani. Na baba mkwe yuko nyuma yangu!

Baba wa watu akainua uso, eti anatazama mawingu. Hakukuwa na wingu hata moja.

Mama mkwe hakucheka. Bora angecheka. Alinifunga sweta lake kiunoni, akanirudisha nyumbani, akanitolea suruali kuukuu ya mzee aliyoipunguza kwa mkono wake. Kiunoni lastiki, magotini viraka viwili viwili, mfuko mpana wa mbegu. Akasema, “Niliianza Jumatatu. Ile yako niliona haitafika mbali.”

Imenienea kama nimepimwa na fundi. Nachuchumaa, naruka mtaro, haibani popote.

Sasa shoga, Jumapili jikoni si ndiyo nilimwambia mume wangu kwamba mama yake akivaa suruali yake ya viraka anafanana na sanamu ya kutishia ndege? Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nilidhani mama yuko bombani.

Leo kanitazama juu mpaka chini, akatabasamu. “Umependeza, mwanangu. Sasa shambani sanamu tutakuwa wawili.”

ALISIKIA. Shoga, alisikia!

Alisikia Jumapili. Na Jumatatu akachukua sindano, akaanza kunishonea.