Kamera ya Kwenda kwa Kaka

4 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na dawa unazimeza, huzifichi chini ya mto kama mwezi uliopita. Mimi mzima, kazi ya maabara ni damu na vikopo kama kawaida. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, na ukisikia kidogo unapiga kelele.

Likizo nimepata. Mwezi ujao naenda kwa kaka. Uliposema nibebe kamera nzuri ya safari nilidhani ni jambo la dakika chache. Nimezunguka madukani Jumamosi nzima. Huyu anasema chukua ndogo ya mfukoni, yule anasema bila ile ya kubadilisha lenzi umeharibu safari, mwingine ananiuliza, "Dada, unakwenda kupiga ndege au watu?" Nimerudi kichwa kinagonga. Mimi naona simu yangu inatosha. Unasemaje?

Mwanao, kitinda mimba

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linalalamika kuliko mimi. Dawa nameza.

Simu? Nimefungua studio kabla hujazaliwa, halafu unaniambia simu! Simu inalainisha uso wa mtu mpaka anafanana na kipande cha sabuni. Sikiliza. Kamera ya safari isiwe nzito, lakini isiwe kichezeo. Betri imalize siku. Iweze kuona ndani ya nyumba bila flashi, maana mtu akipigwa flashi anakunja sura, na huwezi kujua amezeeka au amekasirika tu. Na lenzi iwe ya kuvuta karibu, ili ukiwa umekaa pembeni ya chumba usilazimike kumsogelea mtu.

Hilo la kuvuta karibu usilisahau. Milima na maua si muhimu.

Baba yako

16 Juni

Baba,

Shikamoo. Habari za goti? Mimi mwili mzima, moyo umechoka.

Nilinunua uliyoitaka, na mara mbili nimeirudisha dukani kwa sababu ya simu zako kwa muuzaji. Jana nimepita dukani kuchukua mkoba wake, muuzaji ananiambia, "Mzee wako amepiga simu tena. Anasema hiyo lenzi haifai, akakata kabla sijajibu." Baba! Kwanza ilikuwa nzito, halafu nyepesi mno, sasa haioni gizani. Pale dukani wananijua, nikitokea tu mlangoni wanaanza kucheka.

Na kuna kinachonikera kuliko lenzi. Umeandika betri, umeandika flashi, neno "kaka" hujaliandika hata mara moja. Alitaka kutengeneza mafriji badala ya kukaa studio kusafisha picha, ukamwambia akitoka asirudi. Akatoka, hakurudi. Leo unatafuta lenzi ya kumchungulia kutoka pembeni ya chumba! Kama una neno la kumwambia, nipe nimpelekee. Hilo nitalibeba bila kunung'unika.

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti halikuhusu.

Sina neno. Uliniuliza mambo ya kamera, nikakujibu ya kamera. Chukua ile yenye kioo kinachofunguka kwa pembeni, mjadala uishe. Na uiweke kwenye kasi kubwa, maana mtoto wa miaka minne hatulii, hasa huyo. Baba yake nilikuwa nikimkalisha kwenye stuli hakai, kila picha mikono imetoka kama mbawa.

Safari njema.

Baba yako

14 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, ila shingo imekufa ganzi kwa mkanda wa kamera.

Nani alikuambia mtoto ana miaka minne? Si mimi. Nilipomuuliza wifi akainamia sufuria, akasema, "Mzee huwa ananipigia. Inabidi niende mpaka mwisho wa barabara ndipo nipige kelele, mume wangu asisikie." Kumbe! Na mimi unanificha.

Kaka ndevu zimeingia mvi. Karakana yake imejaa mafriji yaliyopasuliwa matumbo. Nilipotoa kamera akafuta mikono kwa tambara, akaishika, akaigeuza.

"Hii hukuchagua wewe," akasema. "Wewe ungekuja na simu."

"Ni ya baba."

"Anataka nini?"

"Picha yako. Na ya mtoto."

Akanirudishia taratibu, kama anayenikabidhi yai. "Mwambie hapa hapigwi picha mtu, si mimi wala mwanangu, mpaka aje atuone kwa macho yake."

Nimembembeleza, hasikii. Ningeweza kuiba picha. Nilisimama dirishani na ile lenzi yako nikamvuta karibu kabisa, nikaona hata jasho la kipajini, mkono ukakataa kubonyeza. Nimewachoka wote wawili. Yeye amejificha nyuma ya mafriji, wewe nyuma ya lenzi, mbeba mzigo ni mimi. Kamera ni nzuri kweli, sikatai. Ina picha za stendi na mawingu.

Wiki ijayo narudi kazini.

Mwanao

2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Simu yako haiiti. Kinyozi jirani yako anasema studio imefungwa na hujaonekana. Kama umenuna, nuna, lakini niandikie. Naogopa.

Mwanao

5 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, maana najua umeniamkia mahali. Kama kuna barua yako chini ya mlango wa studio, sijaisoma. Naandikia mezani kwa kaka yako. Kalamu ni ya mtoto, ndiyo maana wino ni wa zambarau.

Barua yako ya Julai ilinikasirisha. Nilikata tiketi nikiwa na hasira, na njia nzima nilikuwa natunga maneno. Akafungua mlango, mikono ina grisi, maneno yote yakayeyuka. Akanitazama miguu. "Umepanda basi na goti hilo?" Akachukua mkoba wangu, akaingia nao ndani. Basi.

Usidhani tumepatana. Juzi tumezozana juu ya kitanda changu kiwekwe wapi, jana juu ya redio. Ana kichwa kigumu, sijui kakitoa wapi. Jioni nilimfuata karakana nikaanza kumwambia lililonileta, la ile siku niliyomwambia akitoka asirudi. Friji lilikuwa linaunguruma. "Sema kwa sauti, baba," akasema. Nikalisema kwa sauti, nadhani nyumba ya tatu walisikia. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akanyoosha mkono, akalizima lile friji, akakaa juu ya ndoo.

"Sasa rudia," akasema. "Polepole."

Nikarudia.

Akanisogezea ndoo nyingine, nikakaa. Mtoto akaja kutuuliza kwa nini friji limezimwa, naye akakaa.

Kamera ibaki huko kwako. Sasa kaka yako ananiita nikaoge kabla maji hayajapoa. Siku ya kurudi siijui. Sijauliza, naye hajaniuliza.

Baba yako