Mume Wangu Ameimba Nguo za Adero

Mpendwa Mama Winny,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaamua kama mimi ni mzima au la, kwa sababu hapa Kisumu kuna watu ambao wameshaamua. Mimi ni mwalimu wa chekechea na mume wangu Oduor ndiye mwimbaji wa bendi ya roki inayoitwa Radi ya Winam, wanaume wanne wenye magitaa na dramu za kelele ambao watu waliwacheka sana wakiwaambia wapige muziki wa benga kama wenzao, na sasa wametoa albamu mpya na hakuna anayewacheka tena, ninayechekwa ni mimi.

Mwaka jana tulimzika binti yetu Adero, alikuwa ndiyo tu ameanza kutembea, nimonia ikamchukua, tukamlaza nyumbani kwa kina Oduor kule Pap Onditi, na baada ya mazishi mama mkwe akaniambia nguo za mtoto nizigawe ili moyo upoe, nami nikamjibu nimegawa, lakini Mama Winny sikuweza. Niliziweka kwa begi, na Jumapili Oduor akienda mazoezi nilikuwa nazifua na kuzianika chumbani ili majirani wasizione, na nikianika nilikuwa namwongelesha, namwambia darasani juzi fulani amekula chaki, fulani amelala kwa mkeka mpaka akakoroma, mambo ya watoto tu. Siku moja Oduor alirudi mapema akanikuta. Hakuuliza kitu. Alikaa kitandani akaanza kukunja soksi pamoja na mimi, na siku hiyo nilijiambia kweli nimeolewa na mtu.

Wimbo wenyewe wa albamu hiyo niliusikia mara ya kwanza wakati wa chai, kwenye simu ya mwalimu mwenzangu Sylvia. "Mumeo ametutoa machozi," aliniambia, akidhani ninaujua, akauweka kwa sauti walimu wote wasikie, na humo ndani kulikuwa na chumba changu, kamba yangu, jina la mtoto wangu, na yule wa chaki na yule wa kukoroma, maneno yangu yenyewe niliyomwambia Adero, hata moja hakubadilisha. Sylvia aliponiangalia usoni akazima simu. Lakini redio nani atazima? Kabla wiki haijaisha mzazi mmoja alinisimamisha mlangoni akasema, "Mwalimu, mimi nakuheshimu, lakini mtu anayeongea na nguo, mtoto wangu nitamwachaje naye?" Mwalimu mkuu, Bwana Wechuli, akaniita, akaniambia nikae nyumbani kwanza mambo yatulie, na alipokuwa akiniambia alikuwa anaangalia dirisha.

Nilimuuliza Oduor kwa nini hakuniuliza.

"Ungekataa," akasema.

"Basi si ndiyo ungeniuliza?"

Halafu akaniambia, "Wewe ulikuwa na nguo zake. Mimi nililia wapi? Ni hapo tu kwa huo wimbo." Nikamwambia alie kwa maneno yake, yangu aniachie, naye akasema huo ndio wimbo ulioibeba albamu, akiuondoa amewaua Enos mpiga dramu na wenzake ambao wamehangaika naye tangu wakiwa wanaazima magitaa. Tangu hapo tunapishana ndani ya nyumba kama wapangaji.

Jana mama mkwe akapiga simu. "Nimesikia kwa redio," alisema. "Kumbe nguo ziko." Nikaanza kumweleza. "Nakuja Jumamosi," akasema, akakata simu.

Jumamosi ndiyo uzinduzi wa albamu, pale ufukweni Dunga, na Oduor ananiomba nisimame karibu na jukwaa watu waone niko naye. Mimi nimepanga nguo zangu niende kwetu Busia. Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia yeyote. Niliusikiliza huo wimbo nikiwa peke yangu, na nikalia vile sikulia hata siku ya mazishi. Niende au nibaki?

Mwalimu, Kisumu

MAMA WINNY ANAJIBU

Mwalimu, pole. Pole ya mtoto kwanza, kwa maana naona katika kelele zote hizi hakuna aliyekumbuka kukupa hiyo.

Barua yako ilifika Jumatano, na kusubiri gazeti kungekuwa ukatili, kwa hivyo nilikupigia. Wasomaji wasome niliyokuambia, majina nimeyabadilisha.

Kufua nguo za mtoto uliyemzika si wazimu. Mwendawazimu ni anayesikia kilio cha mama akatafuta mwalimu mwingine. Rudi kwa Bwana Wechuli ukiwa umevaa vizuri, umuulize ni mtoto gani umemkosea darasani. Akikosa jibu, mwambie unataka darasa lako. Usimwombe.

Mumeo amekosa, na asijifiche nyuma ya gitaa. Kufiwa mmefiwa wote, wimbo wa huzuni ni haki yake. Lakini yale uliyomwambia Adero yalikuwa ya Adero. Aliyachukua akijua ungekataa, na kumkunjia mtu soksi hakumpi mtu ruhusa ya kumwanika barabarani.

Sasa na wewe. Mama mkwe ulimdanganya, basi usingoje akukute Dunga mbele ya umati, mpigie simu leo umwambie ukweli kwa mdomo wako. Na yale machozi yako, kwa nini Oduor hayajui? Unamnyima kitu ambacho anakitafuta kwa kupiga kelele. Usiende Busia kabla hujamwambia mambo mawili, kwamba amekuumiza na kwamba umelia. Ukimwambia moja tu, utakuwa umemwambia uongo. Na jukwaani usisimame. Wewe si pambo la uzinduzi.

Hayo ndiyo niliyokushauri. Jumatatu ulinipigia, nikajua yaliyotokea. Ulimwambia Oduor yote mawili, naye alitoka akaenda mazoezi, nawe ukalala ukijua umeshindwa. Jumamosi ulibaki nyumbani, begi likiwa mlangoni. Kule Dunga watu waliuitisha wimbo huo mpaka wakapiga miluzi, Enos akaanza dramu zake, na Oduor akamgeukia akamnyamazisha. Akawaambia watu, "Huu sitauimba. Mwenye maneno hajaniruhusu." Wengine walizomea, wengine wakaondoka. Mama mkwe wako, aliyekuwa amepitia kwenye uzinduzi kwanza, aliondoka pia, akaja moja kwa moja kwako, akakuambia, "Nyathina, mtoto wangu, nionyeshe hizo nguo," na mkakaa nazo mpaka Oduor akarudi, amenuna na amechoka, akawakuta.

Sasa unaniuliza umruhusu auimbe au umkatalie. Mwalimu, hilo halina haraka. Enos atangoja, na redio ina nyimbo nyingine. Mwambie Oduor akae kitandani, akuimbie wewe peke yako, pole pole, bila kelele, na kila unapotaka asimame, asimame. Neno utakalotaka libaki chumbani, libaki chumbani. Ukitaka yote yabaki, albamu ife, wao ni wanamuziki, watatunga nyingine. Na ukiruhusu, usiruhusu kwa kumwonea Oduor huruma. Ruhusu tu ikiwa ungependa watu wasiomjua Adero walitamke jina lake.