Folda Iliyobaki kwa Jina Lako

Shikamoo, kaka Masanja.

Najua marahaba yako sitaisikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kazi, siwezi kuanza vingine. Tangu tukuzike, mambo hapa Ngokolo hayajakaa sawa. Na leo naogopa.

Unaikumbuka programu yako ya duara la Mzee Luhende, shimo lake la uchimbaji? Kila asubuhi alituma picha za matimba, zile nguzo zinazozuia udongo wa shimo usishuke, nawe ukaziangalia huku unakunywa chai. Ukiona ufa, ulipiga simu wachimbaji wasishuke. Ukinyamaza, walishuka. Mdogo wako Kulwa akiwa mmoja wao.

Baada ya mazishi niliihamishia programu kwenye kontena jipya, lile boksi la kuendeshea programu ndani ya seva, kwa akaunti yangu. Folda ya picha sikuigusa. Wazee walisema vitu vya marehemu visiguswe mpaka matanga yaanuliwe, nami mjinga nikaihesabu folda pamoja na koti lako na baiskeli. Niliona ndiyo heshima.

Kumbe folda ilikuwa inanikatalia. Picha ikifika, programu inamjibu Mzee Luhende kwamba imepokelewa, kisha ikijaribu kuihifadhi inaambiwa haina ruhusa, inaitupa. Siku tano ukurasa mtupu! Nikadhani wamesimamisha kazi kwa ajili ya msiba wako. Sikupiga hata simu ya kuuliza, kaka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Leo asubuhi ndipo niliposoma kumbukumbu za kontena: ruhusa imekataliwa, ruhusa imekataliwa, mpaka chini. Mkono ulitaka kuifungulia folda dunia nzima, ile dawa ya wavivu uliyonigombeza nayo. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Achana na majina, dogo. Uliza namba." Nikauliza. Folda ni ya mtumiaji namba 1000, yako. Kontena linaendeshwa na namba 1001, yangu. Nikaandika amri ya kubadili mwenye folda, nikijiona kama nakunyang'anya kitu mkononi.

Picha ya kwanza ikaingia. Timba la kushoto limepasuka katikati, na udongo umeanza kumwagika.

Nikampigia Mzee Luhende. "Mbona wameshashuka, ng'wanawane, mwanangu," alisema. "Si mlipokea picha?"

Sasa walio juu wanavuta kamba kuwatoa. Wametoka watatu. Kulwa bado.

Nakuandikia kwa sababu simu iko mezani hailii, na sijui mikono yangu niipeleke wapi. Nakuahidi, folda hii sasa ni yangu. Kila asubuhi nitaifungua, na hakuna atakayeshuka tena kwa sababu tu mimi nimenyamaza. Atashuka nikishasema.

Pumzika, kaka. Na Kulwa akitokea huko, nakuomba usimpokee. Mrudishe.