Upande wa Kulia

Jumatatu, 10 Novemba

Asubuhi nzima nimeng'ang'ana na kivuli cha kitufe kimoja. Chai imepoa. Yusufu, mwenzangu wa kazi, ananitania kwamba nitaposwa na kompyuta. Mimi nachora, yeye anaandika msimbo wa programu, kwa hiyo acha acheke, kazi ngumu ni yangu.

Ila programu imekaa vizuri. Dirisha moja tu. Kushoto mafaili yaliyomo kwenye kompyuta, kulia intaneti. Rangi moja, maandishi mamoja, alama zilezile. Unaburuta kitu kutoka huku kwenda kule, kinakwenda. Lile swali la "una uhakika?" nimelitoa mwenyewe. Maswali yanachosha watu.

Ofisi ya msaada wa sheria kwa wanawake kule Muleba wanaijaribu tangu Ijumaa. Ma Domitila, msaidizi wa sheria pale, anasema ni rahisi kuliko kumenya ndizi za bitoke. Nimeringa kidogo. Nani asingeringa.

Jumanne, 11 Novemba

Ma Domitila kapiga simu nikiwa mezani. Folda ya Edina, mteja wao, haipo. Katafuta kushoto kote, haipo. Nikamwambia atulie, programu yetu haipotezi kitu. Nikaingia kwenye kompyuta yake nikiwa huku huku nyumbani Rwamishenye, Bukoba.

Nikaiona. Iko kulia. Iko kwenye ukurasa wa matangazo wa ofisi, chini ya tangazo la siku za ushauri, inafunguliwa na yeyote.

Nimeitoa. Ilikuwa nje tangu jana jioni.

Ndani yake kuna picha za mgongo wa Edina, alivyopigwa na mumewe. Kuna maelezo yake ya kesi. Na kuna anapoishi sasa: Hamugembe, kwa shangazi yake, hadi rangi ya geti. Mumewe hajui alikokimbilia. Amewaambia ndugu zake kwamba siku akimpata, hatafika mahakamani. Na ukurasa ule Muleba unasomwa na kila mtu.

Naogopa.

Jumatano, 12 Novemba

Muleba. Nilitaka kuona kwa macho.

Ma Domitila analia, anasema kosa ni lake. Nikamwomba anionyeshe alichofanya Jumatatu jioni. Hakuanza na kompyuta, alianza na meza. Pale ofisini, tangu enzi za makaratasi, faili linaloshughulikiwa linakaa kushoto. Likiisha kwa siku hiyo linasogezwa kulia, kwenye kabati la kufuli, na wa mwisho kutoka anafunga. Kwao kulia ndiko kwenye usalama. Hata anayefagia anajua. Kwa hiyo jioni alimsogeza Edina kulia, akaenda nyumbani na roho nyeupe.

Mimi nilishinda na watu hawa mwezi uliopita, nikiwatazama wanavyofanya kazi. Niliondoka mapema kuwahi gari la Bukoba. Sikuwaona wakifunga ofisi. Mjinga mimi.

Tovuti inaonyesha ukurasa ulifunguliwa mara nyingi. Na nani, haisemi. Polisi wameambiwa. Simu ya Edina haipatikani tangu jana.

Alhamisi, 13 Novemba

Tumekwenda Hamugembe, mimi na Yusufu, kwa bodaboda. Yuko salama. Simu haikuwa na chaji, umeme ulikatika.

Alikuwa uani na shangazi yake wananyonyoa mabawa ya senene, panzi wetu wa kuliwa. Tukakaribishwa vizuri mno. Shangazi akatuwekea sahani ya waliokaangwa, sikuweza kumeza hata mmoja. Nikasema yote, bila kuzunguka.

Edina hakupiga kelele. Aliuliza kama na picha za mgongo zilionekana. Nikasema ndiyo. Akauliza kama na hapa kwa shangazi pameandikwa. Nikasema ndiyo. Akanawa mikono, akaingia ndani, akaanza kukunja nguo.

"Mawe!" shangazi akalia, kama kwetu tunavyomwita mama. "Mwanangu, mmetuua."

Nimemleta Edina kwangu. Mke wa Yusufu kaleta godoro na chandarua.

Ijumaa, 14 Novemba

Hofu tu. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, sote wawili tunaacha tulichokuwa tunafanya. Edina hasogei dirishani. Mimi ndiye nasogea, kila mara, halafu najilaumu kwa kusogea.

Mchana shangazi kapiga. Kuna mwanaume kasimama getini asubuhi, kasema ananunua kahawa. Msimu wa kahawa umekwisha. Akauliza kama nyumbani kuna msichana wa kumsaidia kazi. Shangazi kamwambia anaishi peke yake. Mtu yule akawa anachungulia uani huku anaongea.

Shangazi hamjui mume wa Edina kwa sura, kwa hiyo Edina akachukua simu, akauliza kitu kimoja tu: alikuwa anasimamaje? Shangazi akasema, ameegemea upande, mkono mmoja kiunoni nyuma.

Edina akakaa sakafuni. Ni yeye.

Kwa hiyo aliuona ule ukurasa. Angekuja jana asubuhi, angemkuta uani na ungo wa senene.

Jumamosi, 15 Novemba

Polisi wanamtafuta. Hawajampata.

Nimeibomoa kazi yangu. Intaneti ina dirisha lake, mbali, lenye fremu nene ya njano. Kulia nimeweka kabati. Kitu kikitaka kutoka nje, kinasimama, na maandishi yanasema: Hiki kitaonekana na watu wote. Yusufu anasema wateja watatuona tumerudi nyuma. Waone. Aliandika msimbo mpaka jioni bila kunitania hata mara moja.

Edina alikuwa anatazama. Nilimwomba ajaribu. Akakataa kushika mausi.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda kanisani. Sikutaka kumwacha peke yake. Tumepika, hatukula.

Jumatatu, 17 Novemba

Edina ameondoka na Ma Domitila. Kuna watu wa kumpokea mahali. Nilikaribia kuuliza ni wapi, Ma Domitila akanitazama, nikafunga mdomo.

Edina aliniaga kwa heshima zote. Alinishukuru kwa malazi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na mimi nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Angenilaumu, ningepumua.

Nimefua shuka lake, nimelianika. Kisha nimerudi ndani, nikafunga mlango kwa komeo, mchana kweupe.