Mkanda wa Kushoto

Kapsoit,
Jumatano asubuhi.

Kwako Tabby, mama yangu mdogo,

Pokea salamu nyingi kama majani ya chai hapa kwetu. Natumaini wewe, watoto na mama yako mko salama huko Nakuru. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenihama. Wewe umebeba jina la mama yangu, kwa hivyo nakuandikia kama mtoto anavyomwandikia mamake. Usinichape kabla hujamaliza kusoma.

Uliniuliza kama kigari ulichoninunulia kinaweza kuifikia ile Benzi yangu ya zamani. Tabby, hapo umelinganisha kuku na ndovu! Benzi ilikuwa na viti vya ngozi, na mbao za mbele ziling'aa mpaka unajitazamia ukinyoa ndevu. Nikipiga honi Kapsoit, ng'ombe wa kule mbali Kimulot walisimama wima. Chui wa msitu wa Mau aliwahi kulala juu ya boneti akidhani ni jiwe la kuotea jua. Shule niliachia darasa la sita, lakini maprofesa waliniomba lifti.

Kigari chako nacho hakina makuu. Mafuta kinanusa tu. Shida yake ni mdomo. Nikitoka Boito peke yangu, mchana, ukungu umeshukia chai, kinaanza kulia ti, ti, ti, na taa nyekundu inasema abiria wa kushoto hajafunga mkanda. Kiti ni kitupu.

Nikakipeleka kwa Kipsang, fundi wetu. Alikagua waya zote akasema ziko sawa; magari ya siku hizi hupima uzito wa kiti, kwa hivyo kikilia kuna mtu. Nilimcheka. Akaweka mkono kwenye kile kiti, akautoa haraka, akaniambia kina joto.

Wiki iliyopita nilisimama nimbebe Chepkemboi, yule mama wa maziwa. Alifungua mlango wa mbele, akasema samahani, akaufunga polepole, akakaa nyuma. Nilipomuuliza, alisema hawezi kumwondoa mzee wa watu kitini, tena amelowa mvua hivyo. Siku hiyo mvua haikuwa imenyesha.

Aliposhuka, kigari kilikuwa bado kinalia. Nikavuta mkanda wa kushoto nikaufunga. Kikanyamaza. Lakini ule mkanda haukulala kwenye kiti, Tabby. Ulisimama mbele, kama umezunguka kifua.

Unajua baba yako Kuria, ndugu yangu, alikufia ndani ya Benzi, siku ya mvua, kwenye kona ya Boito. Niliwaambia wachuma chai waliotufikia kwamba yeye ndiye alikuwa akiendesha, tena amelewa. Kanisa likamzika bila kwaya, na mama yako Bilhah amebeba aibu hiyo miaka kumi na tisa. Nilidanganya. Usukani ulikuwa wangu na pombe ilikuwa yangu. Baba yako, ambaye hakuwahi hata kuonja, alikaa kushoto. Alitaka kufunga mkanda, nikamcheka, nikamwambia Benzi haibebi waoga.

Basi jibu lako ndilo hilo. Benzi ilikuwa gari kubwa, na ilinifichia siri. Hiki chako hakijui kuficha.

Jumamosi nakuja kuwachukua wewe na mama yako, ili Jumapili nisimame mbele ya kanisa lile lile niyaseme haya. Baadaye mnifanye mtakavyo. Nisalimie watoto. Bilhah msomee barua hii wewe mwenyewe, polepole, na umwambie tutakapoondoka mtakaa nyuma. Mbele kuna mtu, na ameshafunga mkanda.

Ni mimi, mtoto wako mzee,

Nganga