Bega la Daktari Ehrenfried

Ellersbronn, 8 Machi 1764

Dada Sibylla mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Gottlob na watoto. Natumaini hamjambo, na kifua cha shemeji kimetulia. Mimi sijambo, isipokuwa bega la kulia, ambalo limehama mahali pake. Unisamehe mwandiko, natumia mkono wa kushoto.

Jumatatu farasi aliniangusha nikienda kumwona mgonjwa. Mgonjwa amepona bila mimi. Kinyozi, ambaye ndiye mpasuaji wetu hapa, amelivuta bega siku mbili na sasa linauma zaidi. Mimi mwenyewe naweza kulieleza lote kwa Kilatini, lakini unajua sisi wenye shahada hatushiki wagonjwa. Tunatazama mkojo wao na kutafakari.

Mama mwenye nyumba anasema anayejua mifupa mjini ni mmoja tu: Vollmar, mnyongaji. Na akikugusa mnyongaji, umekuwa najisi. Mwaka jana alimwinua mwokaji aliyeteleza kwenye barafu, na chama cha waokaji kikamfukuza mwenzao. Baada ya Pasaka baraza linachagua daktari wa mji, nami nimeomba nafasi hiyo. Huu ni mji wangu wa tatu, dada, nami nina miaka arobaini na sita. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Ehrenfried

Ulm, 13 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, shemeji anakohoa kama kawaida yake. Nenda kwa mnyongaji. Daktari najisi anaweza kuhamia mji wa nne. Daktari asiye na mkono atahamia kwangu, na Gottlob ameshauliza unakula kiasi gani. Nenda Jumapili watu wakiwa kanisani.

Dada yako,
Sibylla

Ellersbronn, 19 Machi

Dada mpendwa,

Nawajulia hali nyote, safari hii kwa mkono wa kulia.

Niliingia kwa mlango wa nyuma, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Vollmar alinilaza kwenye benchi la jikoni, mkewe pembeni anamenya vitunguu. Akaniomba nimtajie misuli ya bega kwa Kilatini. Nilifurahi, hakuna aliyewahi kuniomba hivyo tangu chuo. Nilipofika msuli wa tatu, akavuta.

"Wasomi hulegea wakitaja majina," alinieleza. "Mafundi nilikuwa nawauliza habari za wake zao, nikaona wanakakamaa."

Nilikuwa bado nafuta machozi mlango ulipofunguka. Akaingia meya, amejikunja, kashika kiuno. Tukatazamana.

"Daktari," akasema, "umekuja kukagua?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na wewe?"

"Nami nakagua."

Akajilaza kwenye benchi, akakagua. Lakini nilipokuwa natoka, kuna mtu aliniona. Sikumtambua. Tangu hapo silali vizuri.

Mdogo wako,
Ehrenfried

Ulm, 29 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Wewe je? Pasaka imepita wiki nzima, na barua yako ya mwisho imeshachakaa kwa kusomwa. Kama wamekufukuza, sema. Nimekutandikia kitanda darini. Gottlob amenung'unika, lakini ndiye aliyekipandisha.

Dada yako,
Sibylla

Ellersbronn, 3 Mei

Dada mpendwa,

Salamu kwenu, na shukrani kubwa kwa shemeji. Baraza liliketi juzi.

Kabla ya kura alisimama mjumbe mmoja, Hufnagel, mtengeneza ngozi, akasema aliniona nikitoka kwa mnyongaji. Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri, dada, lakini ulinikimbia. Nikanyanyua mkono wa kulia hadi juu ya kichwa, nikasema ni kweli, Vollmar alinishika, na kama hilo linaninajisi basi wamchague mwingine. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kofia yangu.

Meya akakohoa. Akataka iandikwe kwamba daktari alikwenda kukagua kazi za Vollmar, kwa idhini yake. Kisha akamuuliza Hufnagel, kwa upole, yeye alikuwa akifanya nini kwenye mlango ule wa nyuma.

Hufnagel alitazama dari, akatazama viatu. "Mimi," akasema, "nilikuwa nakagua goti."

Mjumbe mwingine, mwuza mvinyo, naye akaomba ukaguzi wake uandikwe, wa kisigino. Mwandishi wa baraza akaomba karatasi nyingine.

Wajumbe ni kumi na wawili. Tisa wamenipa kura. Wale watatu, Vollmar ananiambia, bado hawaumwi popote.

Mdogo wako,
Ehrenfried,
Daktari wa Mji